Rabindranath Tagore: Mshairi na Majirani Zake

1. Mtoto wa nyumba kubwa

Ng'ambo ya Bahari ya Hindi kuna nchi kubwa ya India. Upande wa mashariki wa nchi hiyo kuna sehemu iitwayo Bengal. Watu wa huko hulima mpunga. Zamani wengi wao hawakuwa na ardhi yao wenyewe. Walilima ardhi ya makabaila, na kila mwaka walilipa kodi.

Rabindranath Tagore alizaliwa huko tarehe 7 Mei, mwaka 1861. Alizaliwa katika mji wa Calcutta, ambao siku hizi unaitwa Kolkata. Jamaa zake walikuwa matajiri. Walikuwa na jumba kubwa mjini na mashamba makubwa vijijini. Wakati ule India ilikuwa inatawaliwa na Waingereza.

Rabindranath alikuwa mdogo wa mwisho kati ya ndugu wengi. Alipelekwa shule moja baada ya nyingine, na zote zilimchosha. Watoto walifungiwa ndani ya kuta nne. Walikariri maneno bila kuyaelewa. Mwishowe ilibidi afundishwe nyumbani. Mwaka 1878 alipelekwa Uingereza, na huko akaanza kusoma sheria. Mwaka 1880 alirudi kwao bila kuhitimu.

Kwa hiyo mtu ambaye baadaye alianzisha chuo kikuu hakuwa amemaliza masomo ya chuo chochote. Lakini hakuacha kujifunza. Alianza kutunga mashairi akiwa mtoto mdogo, akaendelea mpaka siku chache kabla ya kufa.

2. Katika boti ya mto Padma

Kufika mwaka 1890 Tagore alikuwa na mke na watoto. Baba yake alimpa kazi ya kusimamia mashamba ya jamaa huko mashariki ya Bengal. Siku hizi sehemu hiyo ni nchi ya Bangladesh. Mara nyingi aliishi ndani ya boti kubwa katika mto Padma. Boti ilikwenda kijiji hata kijiji.

Hapo ndipo mtoto wa tajiri alipowaona wakulima kwa karibu. Aliona jinsi deni lilivyomla mkulima. Mtu alikopa kidogo wakati wa njaa, riba ikapanda, na mwisho mavuno yote yakaenda kwa mkopeshaji. Aliona malaria na kipindupindu. Tena alijua kwamba yeye mwenyewe alikuwa upande wa wale wanaopokea kodi. Jambo hilo lilimsumbua.

Lakini aliona jambo jingine pia. Watu wale maskini walikuwa na utajiri wa namna yao. Wapiga makasia waliimba nyimbo nzuri. Waimbaji wa dini waitwao Wabauli walitembea vijijini na zeze la waya mmoja. Siku za sikukuu wanawake walisaga mchele, wakaukoroga kwa maji, wakachora maua na majani kwa vidole juu ya sakafu ya udongo. Michoro hiyo huitwa alpana. Hakuna mwalimu wa shule aliyewafundisha. Binti alijifunza kwa mama yake.

Tagore akaanza kuona kosa lilipo. Watu wa mjini waliosoma walikuwa wamewapa mgongo watu wa kijijini. Hivyo wakulima walikosa maarifa ya kitaalamu, na wasomi walikosa sanaa na hekima ya wazee wao. Pande zote mbili zilipata hasara.

Hakuishia kusikitika. Mwaka 1905 alianzisha benki ya wakulima mahali paitwapo Patisar, ili wapate mikopo ya riba nafuu. Mwaka 1906 alimpeleka mwanawe Rathindranath Marekani kusomea kilimo. Matajiri wengine walikuwa wakiwapeleka watoto wao Uingereza kusomea sheria.

3. Shule chini ya miti

Mwaka 1863 baba yake Tagore alikuwa amepata kiwanja mahali pakavu, safari ya zaidi ya kilometa 150 kutoka Calcutta. Alipaita Santiniketan, maana yake Makao ya Amani. Udongo wake ulikuwa mwekundu wenye changarawe. Mvua ilikuwa imeuchimba na kufanya makorongo.

Mwezi wa Desemba mwaka 1901 Tagore alifungua shule mahali hapo. Wanafunzi walikuwa 5 tu. Walisoma chini ya miti, wameketi chini. Fedha zilikuwa haba. Mke wake, Mrinalini Devi, aliuza mapambo yake ya dhahabu ili shule isife.

Kisha misiba ikamwandama. Mwaka 1902 mke wake alifariki. Mwaka 1903 alikufa binti yake, na mwaka 1905 baba yake. Mwaka 1907 alikufa mtoto wake mdogo wa kiume. Tagore alilia, lakini shule hakuifunga.

Mwaka 1913 habari kubwa ilifika Santiniketan. Tagore alikuwa amepewa Tuzo ya Nobel ya fasihi kwa mashairi yake. Alikuwa mtu wa kwanza kutoka nje ya Ulaya kupata tuzo hiyo ya fasihi. Fedha aliyopewa aliiweka katika ile benki ya wakulima ya Patisar. Alitaka mkulima apate mkopo na shule ipate faida. Baada ya miaka mingi benki hiyo ilikwama na fedha ikapotea.

4. Nyumba ya Sanaa

Mwaka 1919 Tagore alianzisha shule ya sanaa hapo Santiniketan. Iliitwa Kala Bhavana, yaani Nyumba ya Sanaa. Mwaka 1921 mahali pote pakafanywa chuo kikuu kilichoitwa Visva-Bharati, na Kala Bhavana ikawa sehemu ya chuo hicho.

Mkuu wa Kala Bhavana alikuwa mchoraji hodari, Nandalal Bose. Wanafunzi walimwita Mastermoshai, maana yake bwana mwalimu. Siku zile shule za sanaa za serikali ya Waingereza zilifundisha kuiga picha na sanamu za Ulaya. Nandalal alifanya vingine. Aliwatoa wanafunzi nje. Waliwachora wakulima, ng'ombe, miti na watu waendao sokoni. Aliwafundisha kutengeneza rangi kwa udongo na mawe. Aliwaambia wawaheshimu mfinyanzi, mfumaji na mchonga mbao, kwa kuwa hao nao ni mafundi wa sanaa.

Wanawake pia walikaribishwa, wawe wanafunzi au walimu. Mmoja wao alikuwa mjane aitwaye Sukumari Devi. Alijua sana kuchora alpana na kushona mapambo. Katika desturi za wakati ule mjane alitengwa, akaonekana kuwa mkosi. Kala Bhavana ilimpa kazi ya ualimu. Ujuzi aliojifunza nyumbani ukawa somo la chuo kikuu. Toka wakati huo alpana imekuwa sehemu ya sikukuu za Santiniketan.

Hivyo chuo kilichukua mengi kutoka kijijini. Swali likabaki: je, chuo kitawarudishia nini wanakijiji?

5. Majirani hawaamini

Jirani na Santiniketan kuna kijiji cha Surul. Tarehe 6 Februari mwaka 1922 Tagore alifungua huko kituo cha maendeleo ya vijiji. Baadaye kiliitwa Sriniketan, yaani Makao ya Neema. Msimamizi wa kwanza alikuwa kijana Mwingereza, Leonard Elmhirst, aliyesomea kilimo Marekani. Fedha ya kuanzia ilitoka kwa mama mmoja tajiri wa Marekani, Dorothy Straight, ambaye baadaye aliolewa na Elmhirst.

Kazi ilikuwa ngumu. Elmhirst aliona kwamba vijiji vilikuwa na maadui watatu: tumbili waliokula mazao, malaria iliyoua watu, na watu kutoaminiana. Huyu wa tatu ndiye aliyekuwa mbaya zaidi. Wanakijiji walikuwa wamezoea kumwona mtu wa mjini akija kudai kodi, kudai deni, au kutoa amri. Walipowaona vijana wa chuo walijiuliza: hawa nao wanataka nini?

Vijana wale hawakuanza kwa hotuba. Walianza kwa kazi. Walilima bustani. Walichimba mitaro ya choo, wakafukia kinyesi wao wenyewe, na baadaye wakakitumia kama mbolea. Katika India ya wakati ule kazi hiyo iliachiwa watu wa tabaka la chini kabisa. Kuwaona wasomi wakiifanya lilikuwa jambo geni.

Polepole watu walisogea. Vyama vya ushirika vya afya viliundwa, kila nyumba ikitoa mchango kidogo ili daktari apatikane. Vichaka vilifyekwa na madimbwi yakafukiwa, ili mbu wapungue. Palianzishwa karakana za ufumaji, ufinyanzi, useremala na kazi za ngozi. Wasanii wa chuo walishirikiana na mafundi wa vijijini. Mke wa Rathindranath, Pratima Devi, alisaidia kuleta ufundi wa batiki na wa mapambo ya ngozi. Mikoba ya ngozi ya Sriniketan ikajulikana Bengal nzima.

6. Sikukuu ya mti na sikukuu ya plau

Tagore alijua kwamba watu hawaishi kwa mbolea na dawa tu. Watu wanaocheza ngoma pamoja ni rahisi kufanya kazi pamoja. Kwa hiyo alitumia sikukuu kuunganisha chuo na vijiji.

Tangu miaka ya 1890 palikuwa na mnada mkubwa Santiniketan kila mwezi wa Desemba. Uliitwa Poush Mela. Wakulima walileta vyungu, vikapu, bangili na zana za chuma. Wabauli waliimba usiku. Wasantali, ambao ni kabila la jirani, walicheza ngoma zao. Wanafunzi wa Kala Bhavana walikwenda kuuza, kununua, kuchora na kujifunza. Huko Sriniketan nako kila Februari palikuwa na maonyesho ya mazao, mifugo na kazi za mikono.

Mwaka 1928 Tagore alianzisha sikukuu mbili mpya. Ya kwanza ilikuwa sikukuu ya kupanda miti. Mche mdogo ulibebwa kwa machela iliyopambwa, kama bibi arusi. Wasichana waliutangulia wakiimba na kucheza. Kisha ulipandwa katika ule udongo mwekundu ulioliwa na mvua. Mti ambao watu wameuimbia hausahauliki kumwagiliwa maji.

Ya pili ilikuwa sikukuu ya kulima, huko Sriniketan. Uwanja ulipambwa kwa alpana. Maksai walipambwa. Mbele ya watu wote Tagore mwenyewe, mzee wa miaka 67 mwenye ndevu nyeupe, alishika plau akapiga mtaro katika ardhi.

Tufikiri jambo hilo lilikuwa na maana gani. Watu wengi wa tabaka za juu waliona ni aibu kugusa plau. Mkulima naye alikuwa amezoea kudharauliwa hata akajidharau. Siku ile mshairi mashuhuri, tena mtoto wa kabaila, alishika plau mbele ya watu. Baadaye Nandalal Bose alichora picha kubwa ya tukio hilo juu ya ukuta wa jengo la Sriniketan. Kila mkulima aliyepita aliweza kuona kazi yake imechorwa ukutani, kama zamani walivyochorwa wafalme na miungu.

7. Udongo, changarawe na lami

Wasanii wa Kala Bhavana hawakungoja vifaa vya bei kubwa. Katika miaka ya 1930 Nandalal na wanafunzi wake walijenga bweni la udongo. Walipamba kuta zake kwa sanamu za udongo zilizotokeza ukutani, wakapaka lami ili mvua isiziharibu. Nyumba hiyo huitwa Nyumba Nyeusi.

Mwaka 1935 Tagore alijengewa nyumba ya udongo mtupu, hata paa lake. Aliiita Shyamali. Nyumba za wakulima zilikuwa na paa za majani, ambazo hushika moto upesi. Tagore alitaka kujua kama maskini anaweza kupata nyumba isiyoungua, yenye baridi wakati wa jua kali, kwa udongo wa shambani kwake. Jaribio hilo alilifanya kwa kuishi humo yeye mwenyewe.

Mwanafunzi mmoja, Ramkinkar Baij, alitoka katika jamaa maskini ya vinyozi. Alifika Kala Bhavana mwaka 1925, kisha akawa mwalimu hapo. Mwaka 1938 alitengeneza sanamu kubwa ya jamaa ya Wasantali wakiwa safarini: mume, mke, watoto na mbwa. Hakuwa na fedha za shaba wala marmar. Alitumia saruji na ile changarawe nyekundu ya mahali pale. Aliiweka nje, katika eneo la chuo, ambapo hata Wasantali wenyewe wangeweza kuiona.

8. Kitabu cha kujifunzia kusoma

Sisi wanakisomo tuna sababu ya pekee ya kumkumbuka Tagore. Mwaka 1930 alitoa kitabu cha kuwafundisha wanaoanza kusoma lugha ya Kibengali. Kitabu hicho kinaitwa Sahaj Path, yaani Masomo Rahisi. Mshairi wa Tuzo ya Nobel hakuona haya kuandika juu ya herufi. Maneno yake yalikuwa mafupi na ya kuimbika. Picha zake zilichongwa na Nandalal Bose. Zilionyesha mambo ya kila siku ya watu wa Bengal.

Mwaka 1924 Tagore alikuwa amekwisha fungua shule ya watoto wa vijijini, iliyofundisha kwa kazi za mikono. Baadaye chuo kiliweka mpango wa masomo kwa watu wazima na wengine wasioweza kwenda shule. Walisoma nyumbani, kisha wakafanya mtihani. Hivyo hata mtu ambaye hakukanyaga Santiniketan aliweza kupata faida ya chuo.

9. Mzee mchangishaji

Chuo hakikuwa na fedha za kutosha hata siku moja. Tagore alipozeeka alisafiri na wanafunzi wake kutoka mji hadi mji, wakionyesha michezo ya kuigiza na ngoma ili wapate fedha. Mwaka 1936, akiwa na umri wa karibu miaka 75, alikuwa Delhi na kundi hilo. Mahatma Gandhi alihuzunika kuona mzee mgonjwa akihangaika hivyo. Aliwatafuta wafadhili, wakatoa rupia 60,000 kulipa upungufu wa chuo.

Katika uzee wake Tagore alianza kuchora picha, ingawa hakupata kufundishwa. Mwaka 1930 picha zake zilionyeshwa Paris. Alipofariki alikuwa ameacha picha zaidi ya 2,000. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba umri umempita.

Tarehe 7 Agosti mwaka 1941 Rabindranath Tagore alifariki huko Calcutta, katika jumba lile lile alimozaliwa. Alikuwa na umri wa miaka 80. India ilipata uhuru mwaka 1947, naye hakuuona.

10. Je, alifaulu?

Tusimsifu mtu kupita kiasi. Vijiji vilivyosaidiwa na Sriniketan vilikuwa vichache, na India ina vijiji maelfu kwa maelfu. Fedha nyingi zilitoka nje. Kazi nyingine za mikono zilinunuliwa zaidi na watu wa mjini kuliko watu wa kijijini. Tagore mwenyewe alijua kwamba nguvu zake ni chache. Tumaini lake lilikuwa kwamba kijiji kimoja au viwili vikisimama vyenyewe, vingine vitaona na kufuata.

Lakini mambo mengi yalibaki. Nyimbo zake mbili ni nyimbo za taifa, moja ya India na moja ya Bangladesh. Nandalal Bose na wanafunzi wake walipamba kurasa za kitabu cha Katiba ya India huru. Mwaka 1951 serikali iliifanya Visva-Bharati kuwa chuo kikuu cha taifa. Mwaka 2023 Santiniketan iliandikwa na UNESCO katika orodha ya mahali pa urithi wa dunia. Sikukuu ya kupanda miti na sikukuu ya kulima zimekuwa desturi ya mahali pale.

Jambo kubwa kuliko yote ni hili. Kabla ya Tagore, msomi alikwenda kijijini kufundisha tu, kana kwamba mwanakijiji ni chungu kitupu. Tagore alikwenda kijijini kutoa na kupokea. Alichukua alpana, nyimbo na ufinyanzi, akavipa heshima ya chuo kikuu. Kisha alirudisha dawa, mikopo, miche ya miti na kitabu cha kusomea. Elimu inayochukua bila kurudisha ni kodi ya kabaila. Elimu inayotoa na kupokea ni ujirani mwema.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini Tagore alizichukia shule za utoto wake?
2. Aliona mambo gani alipokaa katika boti ya mto Padma?
3. Kwa nini watu wa vijijini hawakuwaamini vijana wa chuo? Vijana hao walifanya nini ili waaminiwe?
4. Tagore kushika plau mbele ya watu kulikuwa na maana gani?
5. Katika kijiji chetu nani anajua ufinyanzi, ususi, uchongaji au nyimbo za zamani? Tunaweza kumwalika vipi aje kufundisha?